Semina zimejaa, boriti zinashuka usiku: tumekosea wapi?

*"Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira katika kijiji kimoja cha pwani ya Lindi. Tangu kamati iundwe tumeletewa semina nyingi: mikoko, matumbawe, uvuvi haramu, mabadiliko ya tabianchi. Watu wanajaa, wanasaini karatasi, wanapokea posho, wanapiga makofi. Wiki inayofuata unamkuta mtu yule yule anashusha boriti za mikoko usiku. Tumepanda miche ya mikoko mara mbili, mara ya pili mgeni rasmi alikuwepo, na yote imekufa. Shuleni kuna klabu ya mazingira. Watoto wanaimba vizuri lakini wazazi hawabadiliki. Tunasikia Pemba na Kenya kuna vijiji ambako wananchi wenyewe wanalinda bahari, wanapima, wanafundishana. Wao wana nini ambacho sisi hatuna? Ni elimu yetu ndogo, ni umaskini, au watu wetu ni wagumu tu?"*

Ndugu Katibu,

Nilivyokuelewa, mikoko ni mfano tu. Linalokusumbua ni kwamba elimu inamwagwa kijijini na haishiki, na sasa umeanza kuwashuku wanakijiji wenzako. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu kamati ikishaamini kwamba watu wake ni wagumu, kila inachofanya baadaye kinakuwa na harufu ya dharau, na watu wanaisikia.

Huyo anayeshusha boriti usiku, kwa nini anashusha usiku? Kwa sababu anajua. Anajua kwamba hairuhusiwi, na sina shaka anajua pia kwamba samaki wadogo wanajificha kwenye mizizi ya mikoko na kwamba ufuko unalika pale ilipokatwa. Pengine anaujua msitu ule kuliko mkufunzi aliyekuja na projekta, maana anaweza kukuonyesha gizani wapi pana mkandaa wa pau na wapi pana msindi ulionyooka, kila mmoja aina yake ya mikoko. Semina ya tano haitamwongezea kitu. Mpango wowote unaodhani tatizo lake ni kutojua utapoteza fedha na mchana wa watu.

Sasa nikuulize wewe: katika kijiji chenu, nani anaamua kuhusu mikoko? Tanzania Bara, mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hilo si jambo baya, lakini maana yake kijiji kimeambiwa kilinde kitu ambacho hakikiamulii. Hakiwezi kusema mwaka huu tukate upande huu tuuache ule, hakiwezi kutoza, hakiwezi kubadili kanuni ikionekana haifai. Kinachobaki kufundishwa hapo ni utii, na watu wazima hawajifunzi utii kwa kupigiwa makofi.

Kwa miaka niliyofanya kazi ya elimu ya mazingira pwani, hili ndilo ninaloliamini kuliko yote: elimu haimtangulii mwenye uamuzi, inamfuata. Mpe mtu jambo la kuamua, liwe dogo lakini la kweli, lenye faida na hasara inayomgusa, na kesho yake atatafuta maarifa mwenyewe. Atamuuliza mzee, atampigia simu afisa uvuvi, atabishana na jirani yake kuhusu tarehe. Mfundishe bila kumpa la kuamua, naye atakusikiliza kwa adabu kisha arudi kwenye shughuli zake.

Hivyo vijiji unavyovisikia havikuanza na watu wenye elimu kuliko yenu. Baadhi vilianza na pweza. Naomba nikae hapa kidogo, maana ukielewa kwa nini pweza, umeelewa karibu kila kitu.

Pweza wa miamba yetu ni mnyama wa maisha mafupi: mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo. Akiwa mdogo anakua kwa kasi ya ajabu, na uzito wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya mwezi mmoja au miwili. Jike hutaga mara moja tu maishani, hukaa shimoni akiyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Kwa hiyo pweza wa robo kilo unayemchokoa leo, ukimwacha, baada ya miezi mitatu si yule tena. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500, na kila mchokoaji anaijua kanuni hiyo. Lakini mtu anayejua kwamba akimwacha huyu mdogo mwenzake nyuma atamchukua, hawezi kuitii peke yake hata akitaka. Hapo ndipo uamuzi wa pamoja unapoanza kuwa na maana.

Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wakisaidiwa na shirika la Blue Ventures, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa. Hawakufunga bahari yote, ni sehemu ile tu, na nyingine zikabaki wazi ili watu wale. Walipofungua, pweza waliotoka walikuwa wakubwa kuliko waliozoeleka. Vijiji jirani vikaona, vikataka na vyao. Leo eneo lao la Velondriake linaunganisha zaidi ya vijiji 20, na baada ya pweza waliendelea mpaka kutenga maeneo ya kudumu yasiyovuliwa kabisa na kupiga marufuku zana haribifu. Wazo hilo likasambaa mpaka Pemba, ambako wananchi wa Kisiwa Panza wamekuwa wakifunga na kufungua mwamba wao kwa zamu, wakisaidiwa na asasi ya Mwambao.

Tazama kilichotokea pale, Ndugu Katibu. Swali lilikuwa lao: pweza wamekuwa wadogo, tufanyeje? Uamuzi ulikuwa wao: wapi, lini, faini kiasi gani. Jibu lilikuja ndani ya msimu mmoja, kabla watu hawajasahau walichobishania. Na jibu lilipimwa mbele ya kila mtu, kwa mizani ileile ya mnunuzi. Mtu aliyepinga kufungwa kwa mwamba hakuhitaji kuamini maneno ya kamati. Alisimama ufukweni akaona pweza wanavyopimwa. Msimu unaofuata, swali linakuwa gumu zaidi: je, tukifunga miezi minne badala ya mitatu? Mbona upande wa kusini hawakuongezeka? Kijiji kinachouliza swali la pili la namna hiyo ndicho ninachokiita kijiji kilichojitoa kwa elimu ya mazingira. Kinaweza kuwa hakina hata bango moja.

Sitaki lakini ukimbie kesho kufunga mwamba kwa sababu nimeusifu. Pweza ana mitego yake. Siku ya kufungua, habari zikiwa zimeenea, watu wanaweza kuja hata kutoka vijiji vya mbali, na faida ya miezi mitatu ikaisha kwa bamvua moja, siku zile chache ambazo maji hupwa sana. Wanaume wenye miwani na mikuki wanaingia maji ya kina, wanawake waliovumilia kufungwa kwa mwamba wanabaki na masazo. Mnunuzi akiwa mmoja, siku hiyo anashusha bei. Na miguu mingi juu ya mwamba kwa siku moja inavunja matumbawe. Yote haya yanajadiliwa kabla ya kufunga: nani ataruhusiwa siku ya kwanza, wanawake wataingia lini, bei itapatanwa na nani, mgeni atalipa nini. Kuna pia ahadi ambayo usiitoe. Vitoto vya pweza vikianguliwa huelea na kuchukuliwa na mikondo kwa majuma kadhaa kabla ya kutua mwambani, kwa hiyo huwezi kuwaambia watu kwamba watoto wa pweza wao watabaki kwao. Faida ya haraka inatokana na kukua kwa waliopo. Ukiahidi zaidi ya hapo, msimu mbaya mmoja utaivunja kamati.

Turudi kwenye mikoko yenu iliyokufa. Sikuwepo, lakini nina dhana, nawe utanisahihisha. Mlipanda kwenye tope wazi linalotazama bahari, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi na mgeni rasmi angeweza kufika kwa boti. Na mlichopanda ni mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayosimama kama miguu, kwa sababu mbegu zake ni ndefu, zinaokoteka kwa urahisi na unazichomeka tu. Kama ni hivyo, miche ilikufa kwa sababu za kawaida kabisa. Mstari wa mbele kabisa ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko unapenda nyuma yake, kwenye vijito na tope linalofunikwa na kufunuliwa kwa kiasi. Mkandaa uko nyuma zaidi, na mchu unavumilia hata chumvi ya nyuma kabisa. Mche uliopandwa mbele mno unafunikwa na maji kwa saa nyingi kuliko unavyoweza kustahimili, unapigwa na mawimbi, mwani na takataka zinauvuta mpaka unalala. Hata upandwe na waziri.

Tena mara nyingi kupanda hakuhitajiki. Mikoko hujipanda yenyewe pale miti mama iko karibu na maji yanapita. Nendeni maji yakiwa yametoka, mtembee katika eneo lililokatwa, mtazame chini. Mkikuta vichipukizi vingi, kazi yenu ni kuviacha viishi, pengine kuzuia mifugo na njia za miguu. Mkikuta vinaota kisha vinakufa, kuna jambo limeharibika. Mara nyingi ni maji: tuta la barabara au ukingo wa shamba la chumvi lililotelekezwa umeziba kijito, tope likakauka na kuwa chumvi tupu. Kufungua mahali pamoja kwenye ukingo kunaweza kuzaa mikoko mingi kuliko maelfu ya miche. Na kama hakuna kichipukizi chochote na miti mama haiko karibu, hapo ndipo upandaji una maana, kwa aina sahihi ya mti mahali pake. Matembezi hayo ni somo zuri kuliko semina yoyote niliyopata kuiona, na mwalimu wake ninayempendekeza ni yule mkata boriti wenu. Ndiyo, huyo huyo. Mwombeni awaonyeshe kila mti unasimama wapi na ulikuwa wapi zamani. Hatageuka malaika, lakini ni vigumu kuiba usiku kitu ambacho jana mchana ulikisomesha kijiji kizima.

Kuhusu umaskini, sikubali kuwa ndio kizuizi, wala sikubali kuupuuza. Wachokoaji pweza wa Pemba si matajiri. Gazi na Makongeni, kule Kwale nchini Kenya, ni vijiji vya wavuvi, na tangu mwaka 2013 wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117 za mikoko, wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, na fedha zinaingia kwenye maji na shule kwa uamuzi wa wananchi. Kinachoua mipango ni mgawanyo wa gharama. Ukisema "jamii itafunga mwamba", uliza ni nani hasa atakayekosa mboga wiki hiyo. Mara nyingi ni wanawake wasio na chombo, wanaotegemea mwamba wa karibu kwa miguu. Uliza pia nani anakaa kwenye kamati. Wenye mashua wakiamua kufunga mwamba wa wasio na mashua, hiyo si hifadhi, ni dhuluma yenye muhuri, na haitadumu.

Na kwa kuwa nimeitaja hewa ukaa: tafadhali msianzie huko. Kila ninapotaja Gazi, mtu huniuliza fedha zinakuja lini. Gazi walikuwa na watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya kijijini kwao kwa miaka mingi kabla ya shilingi ya kwanza, na mikoko yao ilishapimwa na kuhesabiwa. Dalali akija kwenu na mkataba wa hewa ukaa wa miaka thelathini kabla hamjajua mna vichipukizi vingapi, mkaribisheni chai na mumsindikize.

Kama mnataka mfano wa bara, Shinyanga waliotesha upya maelfu kwa maelfu ya hekta za miti kupitia mradi wa HASHI, uliodumu kuanzia mwaka 1986 hadi 2004. Nchi ile ilikuwa imekatwa miti, kwa sehemu ili kuwaua mbung'o, na miche iliyoletwa mwanzoni haikuvutia wengi. Mambo yalibadilika pale wataalamu walipogeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi, na kuwaachia wenyeji na sungusungu wao kazi ya kuyalinda. Nanyi pwani mna vyenu. Misali, kisiwa kidogo karibu na Pemba kilichotengwa kuwa hifadhi mwaka 1998, walipata sikio la wavuvi kupitia mafundisho ya Kiislamu kuhusu amana na israfu, yakitolewa na mashekhe wanaoheshimika. Lakini msimfanye imamu kipaza sauti cha mradi. Mwiteni kwenye yale matembezi ya mikoko kwanza. Akiwa na la kusema mimbarini, atalisema kwa maneno yake.

Posho sasa. Najua ukiiondoa ghafla ukumbi utabaki na viti, na utaambiwa umekula. Mimi natofautisha. Nauli na chakula kwa aliyetoka mbali ni haki, maana siku yake ina thamani. Fedha ya kusikiliza ndiyo inayoharibu, kwa sababu inamfundisha mtu kwamba jambo hili ni la mwenye mradi. Msitangaze vita dhidi ya posho. Punguzeni mikutano inayohitaji kulipwa. Kikao cha kuamua mwamba ufungwe lini hakihitaji posho, kwa sababu asiyekuja ataamuliwa. Na tazameni kalenda ya maji: semina ikipangwa siku za bamvua, wachokoaji wako mwambani, na ukumbini mtapata wale tu wasio na hasara ya kuwepo. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, mtawapata wote.

Klabu ya shule isilaumiwe kwa kosa lisilo lake. Tumewabebesha watoto kazi ya kuwabadilisha wazazi wao, na hakuna mzee wa Kiswahili atakayekubali kufundishwa adabu ya bahari na mwanawe wa darasa la tano, hata wimbo uwe mtamu namna gani. Wapeni kazi ambayo wakubwa hawana subira nayo: kupima. Viwanja vichache vya mikoko vilivyowekewa vigingi, kuhesabu vichipukizi kila mwezi, kupima urefu kwa rula, kuandika daftarini. Kisha daftari lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na mapato na matumizi. Mwalimu wa sayansi atapata somo la bure, na kijiji kitapata takwimu ambazo hakuna mradi utakaoondoka nazo.

Ukiniuliza basi mwanze wapi, ningesema mwanze na matembezi ya mikoko, kwa sababu hayana gharama wala hatari, kisha mwamba mdogo wa pweza endapo wachokoaji wenyewe watalitaka. Wasipolitaka, acheni. Labda swali lao ni kaa, au maji ya kisima yanayoingia chumvi, fuateni hilo. Elimu ya mikoko itapita mlango huo huo.

Kuna mambo ambayo barua yangu haitoshi, mnahitaji mtu awepo. Kufunga mwamba kunapitia kwenye BMU yenu, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi, na sheria ndogo iliyopitishwa na halmashauri. Bila hiyo, faini mtakayotoza ni kosa, na aliyetozwa anaweza kuwashtaki akashinda. Mwiteni afisa uvuvi wa wilaya mapema, kabla tarehe haijapangwa. Kwenye mikoko msifungue ukingo, msipande wala msitenge eneo bila TFS kujua; ulizeni wazi kuhusu usimamizi wa pamoja, maana sheria ya misitu ya mwaka 2002 inautambua, na hapo ndipo kijiji kinaweza kupata sehemu ya uamuzi niliyosema mnaikosa. Mkiwa mnagombania mpaka wa bahari na kijiji jirani, mtafuteni mpatanishi kutoka wilayani kabla ya kufunga chochote. Fedha zikianza kuingia, hata za faini, ombeni afisa maendeleo ya jamii awafundishe vitabu vya hesabu. Na mkikuta watu wa baruti, au wakataji wanaokuja na silaha na malori, msiwakabili. Andikeni saa, mahali na alama za chombo, mpeleke polisi na kwa afisa uvuvi, na jina la aliyeleta habari lisitajwe mkutanoni.

Kabla ya hayo yote, ikiwezekana, tumeni watu wawili kwenye kijiji ambacho kimeshafunga na kufungua mwamba. Asiwe mwenyekiti na katibu, nisamehe. Awe mwanamke mchokoaji mmoja anayesikilizwa na wenzake, na mtu mmoja anayepinga.